Mwenye Mashua na Nahodha: Kazi ya Bodi ya Shule na Kazi ya Mwalimu Mkuu

Macalder iko Nyatike, katika Kaunti ya Migori, upande wa Ziwa Victoria. Zamani jina lake lilijulikana kwa ajili ya machimbo makubwa ya shaba na dhahabu, ambayo yalifungwa mwaka 1966. Kampuni ilikwenda zake, lakini dhahabu haikwisha ardhini. Hata leo wako watu wengi katika sehemu hizo ambao huchimba kwa sururu, huponda mawe na kuosha mchanga ili wapate riziki yao. Mtu mzima afuataye sheria hana lawama kwa kazi hiyo. Shida yaanza pale mtoto aachapo daftari na kushika karai.

Hebu tufikiri habari ya mtoto mmoja wa namna hiyo. Yumo katika Gredi ya Sita, na kwa siku kumi sasa hakuonekana darasani. Jirani asema amemwona machimboni akibeba mawe. Mwalimu wa darasa ametia alama katika sajili kwamba mtoto hayupo, naye aona kuwa amekwisha fanya sehemu yake. Mwalimu mkuu asema kuwa Bodi ya shule ndiyo iwezayo kumwita mzazi, maana wajumbe wake ni wenyeji. Mwenyekiti wa Bodi asema kuwa watoto ni kazi ya mwalimu mkuu, na yeye ni mtu wa majengo na fedha. Mzazi naye asema kuwa shule ni ya Serikali. Muhula wamalizika hivyo, na mtoto yungali machimboni.

Lakini wakubwa hao hao, lijapo shauri la kuchagua fundi wa kujenga darasa, hutasikia hata mmoja akisema kuwa si kazi yake. Mwenyekiti ana fundi wake, mwalimu mkuu ana wake, na kanisa lililoianzisha shule lina wake. Hapo ndipo hutokea ugomvi na barua za mashitaka, na siku nyingine lango la shule hutiwa kufuli.

Maradhi haya mawili, yaani shauri lisilo na mwenyewe na shauri lenye wenyewe watatu, yana asili moja: watu hawajui mpaka wa mamlaka uko wapi. Nao mpaka huo umekwisha andikwa katika sheria za Kenya. Makusudi ya makala haya ni kuueleza kwa maneno yaliyo wazi, ili mzazi, mjumbe wa Bodi na mwalimu kila mmoja ajue sehemu yake.

MFANO WA MASHUA

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wavuvi wa Karungu na Muhuru hawana haja ya kufundishwa maana ya maneno hayo. Mwenye mashua hununua nyavu, huamua mashua itengenezwe lini, na asubuhi hudai hesabu ya samaki. Nahodha naye hushika usukani usiku, huwaongoza wavuvi wenzake, na huamua papo hapo upepo ukigeuka. Mwenye mashua asimamaye ufukweni na kupiga kelele, "Pindua kulia! Pindua kushoto!" aweza kuwazamisha watu wake. Nahodha auzaye samaki njiani na kurudi bila hesabu naye hafai.

Bodi ya shule yafanana na mwenye mashua, na mwalimu mkuu afanana na nahodha. Hata hivyo mfano huu una mipaka yake, na yafaa kuitaja mapema. Kwanza, Bodi si mwenye shule. Shule ya umma ni mali ya umma, na Bodi imekabidhiwa kama amana. Pili, nahodha huyu haajiriwi na Bodi. Huwekwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, na Tume hiyo ndiyo iwezayo kumhamisha au kumwondoa. Asiyeyakumbuka mambo haya mawili hawezi kufahamu kwa nini magomvi mengi ya shule huwa hayaishi.

MAMBO YALIVYOKUWA ZAMANI

Shule za kwanza katika sehemu za Nyanza zilijengwa na misheni. Waadventista, kwa mfano, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Siku hizo mmisionari alikuwa mwenye kiwanja, mlipaji wa mishahara, msimamizi, na mara nyingi mwalimu pia. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani mwenye shauri.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Tume ya Huduma kwa Walimu iliundwa mwaka 1967, ili walimu wote wa shule za umma wawe na mwajiri mmoja. Mwaka uliofuata, 1968, ilipitishwa Sheria ya Elimu. Makanisa yaliacha kuziendesha shule na yakabaki kuwa wafadhili. Shule za sekondari zilipewa Bodi za Magavana, na shule za msingi zikawa na kamati za shule. Wakati huo huo wananchi walijenga shule nyingi za harambee kwa jasho lao wenyewe, wakitoa mawe, mchanga, ng'ombe na fedha.

Mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na fedha zikaanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Kamati zilizokuwa zimezoea kuhesabu michango ya wazazi zikajikuta zasimamia fedha za Serikali. Mwisho ikaja Katiba ya mwaka 2010, na baada yake Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Sheria hiyo iliweka chombo cha jina moja, yaani Bodi ya Usimamizi, kwa shule za msingi na za sekondari pia.

Tumeyaeleza haya kwa sababu historia hii yaonekana hata leo katika mikutano. Kanisa lakumbuka kwamba ndilo lililoanza. Wazazi wakumbuka mawe waliyobeba. Mwalimu mkuu akumbuka barua yake ya kazi kutoka Nairobi. Kila mmoja ana haki ya kuheshimiwa, lakini hakuna hata mmoja awezaye kusema kuwa shule ni yake peke yake.

NANI HUKETI KATIKA BODI

Wajumbe wa Bodi huteuliwa na Halmashauri ya Elimu ya Kaunti, lakini haiwaokoti njiani. Sheria ya mwaka 2013 yataja watu sita waliochaguliwa kuwa wawakilishi wa wazazi au wa wenyeji. Mmoja aliyependekezwa na Halmashauri yenyewe. Mwalimu mmoja aliyechaguliwa na walimu wenzake. Watatu kutoka kwa mfadhili. Mmoja wa makundi yenye haja maalum katika jamii. Na mmoja wa kuwasemea watu wenye ulemavu na mahitaji maalum. Jumla yao ni 13. Pamoja nao huketi mwakilishi wa baraza la wanafunzi kwa cheo chake. Bodi pia yaweza kuwaalika watu wasiozidi watatu wenye ujuzi, kama vile mhasibu au mjenzi, wasaidiane nayo.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Mfadhili ana viti vitatu, wala si saba. Wazazi au wenyeji wana sita, nao pia si saba. Watunga sheria walifanya hivyo ili upande mmoja usiweze kuuburuta mwingine kwa wingi wa kura.

Mwalimu mkuu yumo mkutanoni, lakini kiti chake ni cha katibu. Katibu huandika kumbukumbu, huleta taarifa, na hutekeleza yaliyoamuliwa. Yeye ndiye ajuaye mambo ya shule kila siku, na kwa hiyo maneno yake yana uzito. Lakini katibu si bwana wa mkutano. Iko desturi mbaya ya mwalimu mkuu kuamua jambo peke yake, kulitenda, kisha kuiita Bodi ipige muhuri. Bodi ya namna hiyo ni pambo tu. Vile vile iko desturi mbaya ya mwenyekiti kufika shuleni kila asubuhi, kukagua chaki, kuwaamuru walimu na kuwatuma wapishi. Mwenyekiti wa namna hiyo amejifanya mwalimu mkuu wa pili.

KAZI YA KILA MMOJA

Sheria yaipa Bodi kazi nyingi, lakini zaweza kukusanywa katika mafungu machache. Bodi hutunza maendeleo ya shule na ubora wa elimu. Huhakikisha kuwa majengo na vifaa vyatosha. Husimamia mali na fedha, na kutoa hesabu yake. Huamua mashauri ya nidhamu ya wanafunzi. Huangalia usalama na haki za wanafunzi, walimu na wafanyakazi. Huajiri wafanyakazi wasio walimu, kama wapishi na walinzi. Huishauri Halmashauri ya Elimu ya Kaunti juu ya upungufu wa walimu, na kila muhula huipelekea taarifa kamili.

Kazi ya mwalimu mkuu ni kuiendesha shule yenyewe. Hupanga ratiba, huwagawia walimu masomo, huangalia mafundisho, hutunza sajili na stoo, hupokea wageni na wazazi, na huamua yale ya dharura yasiyoweza kungoja mkutano. Katika mambo ya ualimu hujibu kwa Tume. Katika mambo ya mali na maendeleo ya shule hujibu kwa Bodi. Huyu ni mtumishi mwenye wasimamizi wawili, na ndiyo maana kila msimamizi hana budi kujua mwisho wa mamlaka yake.

Basi sasa tuyaangalie mambo manne ambayo huleta mashindano mara kwa mara.

FEDHA

Kiwango kilichowekwa na Serikali mwaka 2018 kwa shule ya sekondari ya kutwa kilikuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 300, kama fedha hizo zingetolewa zote kamili, ingepata hesabu ya shilingi 6,673,200. Hizi si fedha za kuwekwa katika mfuko wa koti.

Hapa mpaka uko hivi. Mwalimu mkuu huandaa makadirio ya mapato na matumizi. Bodi huyajadili, huyarekebisha na kuyakubali. Baada ya hapo mwalimu mkuu, kwa kuwa ndiye mwajibikaji wa hesabu, husimamia ununuzi kwa kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, ambayo yataka zabuni zifunguliwe na kupimwa na kamati zilizowekwa kwa ajili hiyo. Kisha kamati ya Bodi ya ukaguzi huuliza kama kilichonunuliwa ndicho kilichokubaliwa. Hivyo Bodi yasema mwanzoni na yauliza mwishoni, lakini katikati haishiki kalamu ya fundi. Mjumbe mwenye ndugu anayeomba zabuni lazima aseme wazi na kujitenga na shauri hilo.

Kadhalika Katiba, katika kifungu cha 226, yasema kuwa mtumishi wa umma aagizaye au akubaliye fedha za umma zitumiwe kinyume cha sheria atalipa hasara hiyo, hata kama amekwisha kuacha kazi. Neno "akubaliye" lafaa kukumbukwa na kila mtu anyoshaye mkono mkutanoni bila kusoma karatasi iliyo mbele yake.

Juu ya michango, Chama cha Wazazi chaweza kujadili na kupendekeza, lakini hakiwezi kutoza peke yake, wala Bodi na mwalimu mkuu hawawezi. Malipo yo yote ya ziada katika shule ya umma yahitaji idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Halmashauri ya Elimu ya Kaunti. Mlipaji lazima apewe stakabadhi. Wala mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa sababu hakulipa malipo hayo.

WALIMU

Katiba, kifungu cha 237, yaipa Tume ya Huduma kwa Walimu kazi ya kuandikisha walimu, kuwaajiri, kuwapeleka shuleni, kuwapandisha cheo, kuwahamisha, kuwatia adabu na kuwaachisha kazi. Kwa hiyo Bodi isiyompenda mwalimu mkuu haina uwezo wa kumfukuza, hata ikipiga kura mara kumi. Wala wazazi hawana uwezo huo, hata wakifunga lango kwa minyororo. Watakalofanya ni kuwaongezea watoto wao siku za kukaa bure.

Lakini hii si kusema kuwa Bodi haina la kufanya. Mwalimu akikosa kazini, akila fedha au akiwadhuru watoto, Bodi ina wajibu wa kupokea malalamiko, kuyaandika pamoja na ushahidi, na kuyafikisha mbele ya Tume. Na pale Tume inapoikasimu Bodi kazi ya kumsikiliza mwalimu aliyeshitakiwa, Bodi hutenda kwa jina la Tume na kwa kanuni za Tume, wala si kwa hasira za kijiji.

NIDHAMU

Mwanafunzi akivunja sheria za shule, mwalimu mkuu huchukua hatua ya kwanza, maana yeye yupo na Bodi haipo. Lakini shauri kubwa huamuliwa na Bodi, na taarifa yake hupelekwa katika Kaunti. Sheria haimruhusu mtu ye yote kumfukuza mtoto kabisa kwa neno la mdomo. Kwanza njia zote za kumrekebisha lazima ziwe zimejaribiwa, na mtoto na mzazi wake wawe wamesikilizwa. Tena Sheria ya mwaka 2013 imekataza kumtesa mwanafunzi au kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, ya mwili au ya moyo. Bodi haiwezi kumpa mwalimu ruhusa ya kupiga, maana Bodi yenyewe haina ruhusa hiyo. Huwezi kumgawia mtu kile usicho nacho.

USALAMA

Mwezi wa Machi mwaka 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, katika sehemu za Machakos, liliteketea usiku, na wavulana 67 wakafa. Bweni lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na vyuma. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 moto ulitokea tena katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, na watoto 21 wakapoteza maisha yao.

Tuwaulize wasomaji: vyuma vya dirisha ni kazi ya nani? Kuviondoa kwahitaji fedha na amri, na hiyo ni kazi ya Bodi. Kuhakikisha kuwa kila usiku mlango haukufungwa kwa nje, na kuwa vitanda havikuzidi nafasi, ni kazi ya mwalimu mkuu na wasaidizi wake. Mwalimu mkuu akiona hatari na Bodi ikamnyima fedha, na aandike jambo hilo katika kumbukumbu za mkutano. Bodi ikitoa amri na mwalimu mkuu asiitekeleze, nayo iandike. Katika Nyatike, mahali ambapo Mto Kuja ukifurika huingia mashambani na katika viwanja vya shule, jambo hili la kuandika mapema ni la maana sana. Maji hayangoji watu wamalize kubishana.

WENGINE WALIFANYAJE

Kenya si nchi ya pekee kuupima mpaka huu. Tanzania, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ina kamati za shule kwa shule za msingi na bodi kwa shule za sekondari. Uganda nayo, kwa sheria ya mwaka 2008, ina kamati za usimamizi na bodi za magavana.

Afrika ya Kusini iliandika mpaka huo kwa maneno ya wazi zaidi. Sheria yake ya Shule ya mwaka 1996 yasema kuwa utawala wa shule umo katika mikono ya baraza la shule, na uendeshaji wa kazi za kitaalamu umo katika mikono ya mwalimu mkuu, chini ya mkuu wa idara ya elimu wa jimbo. Hata hivyo mashindano hayakukoma. Kwa miaka mingi mabaraza na wakuu wa idara walishitakiana juu ya nani aamuaye watoto wa kuingizwa shuleni, mpaka sheria mpya ya mwaka 2024 ikampa mkuu wa idara neno la mwisho. Twajifunza kutokana na hayo kuwa maandishi mazuri husaidia, lakini hayatoshi. Lazima wahusika wayasome, na wakumbuke kuwa mtoto ndiye aliyeletwa shuleni, wala si wao.

MFADHILI, CHAMA CHA WAZAZI NA WAKUBWA WENGINE

Mfadhili ana kazi aliyopewa na sheria: kuwa na wajumbe wake katika Bodi, kuangalia malezi ya kiroho bila kuwalazimisha watoto wa dini nyingine, na kusaidia kwa fedha na majengo. Hakupewa kazi ya kumweka au kumwondoa mwalimu mkuu. Akiwa na neno, na alipeleke kwa Tume kama watu wengine.

Chama cha Wazazi kina kamati yenye mwakilishi wa kila darasa na walimu wawili. Mwenyekiti wake na wenzake wawili huingizwa katika Bodi. Hii ndiyo njia iliyo wazi ya sauti ya mzazi wa kawaida kufika mezani. Mzazi asiyehudhuria mkutano wa darasa la mtoto wake, kisha akalalamika sokoni, amelitupa jembe lake na kulaumu mvua.

Juu ya wakubwa wa siasa, sheria haikuwapa kiti kwa cheo chao. Wakileta fedha za kujenga, na washukuriwe. Lakini darasa likiisha kujengwa, funguo zake ni za shule.

MASWALI MATATU YA KUPIMIA

Pakitokea shaka juu ya nani mwenye shauri, wahusika wajiulize maneno haya matatu kabla ya kupandisha sauti.

La kwanza: Je, jambo hili ni la kuamua njia, au la kutembea katika njia iliyokwisha amuliwa? Kuamua njia ni kazi ya Bodi. Kutembea ni kazi ya mwalimu mkuu.

La pili: Sheria imemtaja nani kwa jina la kazi yake? Kama imemtaja mwalimu mkuu, Bodi isimnyang'anye. Kama imeitaja Bodi, mwalimu mkuu asiitangulie.

La tatu: Imeandikwa wapi? Neno lisiloandikwa katika kumbukumbu hugeuka kila lisimuliwapo.

TURUDI KWA MTOTO WA MACALDER

Sasa twaweza kulijibu lile shauri la mwanzo. Sheria ya mwaka 2013 haikuliacha hewani. Mtoto asipofika shuleni, mwalimu mkuu ndiye apaswaye kuchunguza sababu. Akiona kuwa hakuna sababu ya haki, humwandikia mzazi ilani, na huipelekea taarifa Halmashauri ya Elimu ya Kaunti. Hawezi kusema kuwa angoja Bodi, maana hapa ametajwa yeye. Mzazi naye anao wajibu wa kumpeleka mtoto shuleni, na akikaidi anavunja sheria. Na mtu ampaye mtoto wa umri wa shule kazi imzuiayo kusoma, hata kama ni kubeba karai moja tu la mchanga, naye anavunja sheria.

Je, Bodi haina kazi hapo? Inayo, na ni kubwa. Mwenyekiti hana haja ya kukimbia machimboni kumkamata mtoto mmoja. Kazi yake ni kuuliza katika kila mkutano: "Bwana Katibu, muhula uliopita tulikuwa na watoto wangapi? Leo wangapi? Waliopungua wako wapi, na ilani zimekwisha andikwa?" Kisha Bodi, kwa kuwa wajumbe wake ni wenyeji na wanaheshimiwa, na imwone chifu na wenye mashimo, izungumze na wazazi, na ipime kama mtoto huyo alifukuzwa na njaa, na kama chakula cha mchana shuleni chaweza kumrudisha. Hayo mwalimu mkuu hawezi kuyafanya peke yake, hasa kama ni mgeni katika sehemu hiyo.

Hivyo kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu ya mmoja haimpunguzii mwenzake heshima. Bodi nyingi zajua kuuliza mifuko mingapi ya saruji ilinunuliwa na mingapi imebaki. Hilo ni jambo jema. Bodi itakayouliza hesabu ya watoto kwa ukali ule ule iulizao hesabu ya saruji, na mwalimu mkuu atakayekuja mkutanoni na hesabu hiyo mkononi bila kuombwa, hao watakuwa wamekwisha kuufahamu mpaka wao. Tena watakuwa wamemtoa mtoto mmoja shimoni na kumrudisha katika dawati lake.